Materniti Iliyoshuka kwa Kamyo

Bunia, tarehe 12 Februari 2024

Yaya Edouard,

Nakusalimia weye, semeki Godelive muke wako, na wote wa hapo nyumbani. Hapa Bunia siye tuko wazima. Davy wangu alilala na malaria wiki moja, sasa amerudi masomoni na anakula kama mutu wa kubeba mizigo. Vumbi ya mwezi huu inaingia mpaka ndani ya chumvi.

Najua simu haikufai tena tangu masikio yako yalipungua. Njo maana naandika. Patou, dereva wa kamyo ya samaki, atakufikishia.

Yaya, neno yenyewe ni hii. Atelier yetu ya mbao ya Mudzi-Pela imepewa kazi ya materniti ya Kasenyi, nyumba ya wamama kuzalia, vyumba tatu. Unajua vile tunafanya: kuta, sakafu na mapaa, yote tunatengeneza hapa chini ya hangari, kila kipande na namba yake. Kiisha tunapakia kamyo, na kule chini watu wanne wanafunga vipande na bulo, zile bolti za chuma, siku tatu ao ine. Lakini kitu moja haiwezi kutoka Bunia: nguzo fupi za beto, saruji na kokoto, ambazo nyumba itasimama juu yake. Inaomba mutu wa hapo, mutu wa kupima vizuri. Patron, mukubwa wetu wa kazi, aliuliza nani. Nilitaja jina lako.

Na nyumba yako iko namna gani na haya maji ya ziwa? Watu wanaopanda huku wanasema mengi.

Mudogo wako,
Joyeuse

*

Kasenyi, tarehe 4 Machi 2024

Mudogo wangu Joyeuse,

Aksanti kwa barua. Tulifurahi juu ya Davy. Godelive anauza samaki kama kawaida, magoti yanamuuma lakini anatembea. Padiri mupya alifika, kijana, anaimba vizuri kuliko anavyohubiri.

Barua yako nilisoma mara tatu. Kama nimesikia vizuri, mwataka nijenge miguu, kiisha watu wengine walete mwili.

Joyeuse, ni miye nilijenga sakristia. Nilijenga madarasa sita ya shule, na ofisi ya soko. Kila moja niliiona ikitoka mu udongo wa pahali pake. Tofali tunapiga hapa, tunachoma hapa. Kama ukuta imepinda siku ya tatu, siku ya ine naunyoosha. Ninyi mukikosea Bunia, mutanyoosha nini Kasenyi? Na mubao ukianza kuliwa na muchwa, ni atelier itashuka kuufukuza? Upepo ya ziwa munaijua, ninyi wa mulimani?

Wakati baba alikufa nilikulipia masomo ya ujenzi na hii mikono. Sikusema kitu siku ulienda kufanya kazi na watu wa mbao. Leo pia sisemi. Lakini uwaambie watafute kijana.

Godelive anakusalimia sana.

Kaka yako,
Edouard

*

Bunia, tarehe 19 Machi 2024

Yaya wangu,

Salamu mingi. Mvua imeanza, na Davy anauliza kama Godelive, muke wa mujomba wake, atamutumia samaki wa kukaushwa. Ninamwambia avumilie.

Barua yako iliniumiza, na sikatai kwamba ni yangu ilianza kukuumiza. Ngoja nikuambie bila kukuficha. Nyumba ya matofali inakaa baridi kuliko yetu. Mvua ikipiga juu ya paa yetu, mutu anapandisha sauti. Na ile neno ya kosa, uko na haki kabisa: kosa yetu haionekani mpaka siku ya mwisho.

Lakini uende kwa Honorine, muuguzi wenu, umuulize. Tangu ziwa imekula materniti ya zamani, wamama wanazaa chini ya bashi, ile plastiki ya musaada, na upepo inaiinua. Tukianza kupiga matofali sasa, yatakauka namna gani mu mvua? Tutachoma na miti gani, na vilima vimebaki vipara? Ni miezi sita, yaya, kama hakuna kitu. Na weye unajua vile hapa kwetu kunakuwaga kitu. Mara ngapi umeacha ukuta ikifika pa madirisha, watu wakakimbia vita, mukarudi mukakuta majani ndani na tofali zimeenda kujenga jikoni za wengine?

Siye tunakata mbao wakati weye unachimba. Kazi mbili zinatembea siku moja. Mvua haitusimamishi, sababu tuko chini ya paa. Kipande kinachobaki pa ukuta moja kinaingia pa ukuta ingine, hakuna kutupa. Na mafundi watakaa Kasenyi siku ine tu, si miezi sita. Juu ya muchwa: mubao haugusi udongo, uko juu ya chuma, na chuma iko juu ya nguzo zako.

Sikuomba miguu tu. Niliomba mutu ambaye sentimetre moja inamunyima usingizi. Huyo namujua mumoja.

Vipimo ni hivi: urefu 9,00, upana 6,12. Nguzo ishirini na ine, sentimetre sitini juu ya udongo. Kosa ya sentimetre moja tunaweza kuvumilia. Mbili, hapana.

Joyeuse

Patou anasema hakukukuta nyumbani, barua aliachia Godelive sokoni. Kuna kitu?

*

Kasenyi, tarehe 30 Aprili 2024

Joyeuse,

Usihesabu siku, njia ilifungwa wiki tatu na Patou hakupita.

Nilienda kwa Honorine. Alifungua bashi, akaniacha niangalie. Mama mumoja alikuwa anashikilia muti wa kusimamisha bashi na mukono moja, mutoto na mukono mwingine, sababu ya upepo. Nilirudi, nikachukua chepeo ya kuchimbia.

Nguzo ziko tayari. Nilitumia mupira murefu wa bomba wenye maji ndani, sawa vile baba alinifundisha, na maji haidanganyi. Toka kona mupaka kona, kamba zinalingana. Honorine aliweka sahani ya chai juu ya kila nguzo, chai haikuinama. Nilimwambia si lazima. Alifanya zote ishirini na ine.

Waambie wanaweza kuja.

Edouard

Godelive anatuma samaki wa Davy. Yuko ndani ya gazeti.

*

Bunia, tarehe 3 Juni 2024

Yaya,

Tunakusalimia. Samaki walifika, Davy alikula mpaka gazeti karibu alipasue na meno.

Materniti imesimama, na tumeona picha. Alliance, ule mama wa Butembo anayeongoza watu wa kufunga, alirudi juzi. Siku tano, si ine. Yaya, najua weye pia unajua juu ya nini.

Alituambia: walipoweka sakafu ya kwanza, upande wa soko ilipita nguzo kwa sentimetre nane. Nane. Watu wa kijiji wakaanza kucheka, wengine wakasema masoni wa matofali amezeeka. Patron alikasirika hapa mpaka akatupa kofia yake. Ni miye nilisema: namujua mutu ambaye sentimetre moja inamunyima usingizi.

Sikugombezi. Nauliza tu, juu ya nini haukupima mara ya pili?

Alliance anasema ulivunja mustari wote wa upande ule na nyundo, ukamwaga upya siku hiyo hiyo, na haukukubali mutu akusaidie. Pole, yaya.

Semeki anapika wapi siku hizi? Nauliza tu.

Joyeuse

*

Kasenyi, tarehe 26 Juni 2024

Mudogo wangu,

Niliwaambia hapo hapo mbele ya watu kwamba ni kosa yangu, na nikatengeneza. Nguzo mupya ziko na nguvu kuliko za kwanza. Neno imeisha. Usijitie haya juu yangu.

Wamama wawili wamesha kuzaa ndani. Mutoto wa kwanza amepewa jina la kwao, Kule, ya wa pili sijasikia. Upepo ilipiga Jumapili na nyumba haikutikisika. Nasema tu vile nimeona.

Godelive anapika vizuri.

Edouard

*

Bunia, tarehe 15 Julai 2024

Yaya Edouard,

Leo sina salamu ndefu. Tuko wazima. Ngoja niseme mbele ya kukosa nguvu.

Jana nilikuwa natafuta plani, ramani ya kazi ingine. Nilitoa ile ya Kasenyi. Upana: 6,20. Nilifungua kaye yangu, daftari ninamoandikaga barua zako mara ya kwanza na kalamu ya risasi mbele ya kuzisafisha. Nimeandika 6,12. Ni mukono wangu. Mutu alikuwa ananiita, au mashini ilikuwa inalia, sijui. Nimeandika 6,12 na weye umejenga 6,12, haukukosea hata unene wa kucha.

Nilimuita Alliance. Nikamuuliza: «Siku ile sakafu ilipita nguzo, kaka yangu alifanya nini?»

Akasema: «Alitoa karatasi mu mufuko wa shati. Aliisoma, akaikunja tena, akairudisha. Kiisha akasema, ni miye nimekosa, nipeni nyundo.»

Uliisoma, yaya. Barua yangu ilikuwa mu mufuko wako, watu wanakucheka, na haukuitoa. Na miye nikakuandikia kukuuliza juu ya nini haukupima.

Uliogopa watanifukuza, siyo? Nilienda mwenyewe kwa patron asubuhi hii na kaye mukononi. Nilimwambia yote. Alisoma kaye, akauliza: «Na huyo muzee alivunja beto yake mwenyewe bila kusema kitu?» Nikasema ndiyo. Hakunifukuza. Toka leo, kila kipimo kinachotoka hapa kitasomwa na watu wawili na kutiwa sahihi mbili. Na Alliance atawaambia watu wa Kasenyi, pa soko, kosa ilikuwa ya nani. Sikumuomba, yeye mwenyewe alisema.

Yaya, kama kuna kitu ingine unabeba peke yako, miye niko hapa. Sisemi zaidi.

Joyeuse

*

Kasenyi, tarehe 8 Oktoba 2024

Mudogo wangu,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Ile barua sitaijibu. Namba iliteleza, ni hivyo tu.

Tuko wazima. Alliance alipita, alisema maneno pa soko mpaka wauza mihogo walipiga makofi. Nilijificha nyuma ya duka.

Nataka kukuuliza kama fundi anavyouliza fundi. Ziwa inapanda tena. Niliweka fimbo, wiki moja imekula hatua ine. Materniti iko mbali bado, lakini si mbali sana. Ile nyumba yenu, vile ilifungwa, inaweza kufunguliwa?

Juu ya parokia kuna kiwanja. Padiri amekubali. Nimeanza kumwaga nguzo ishirini na ine kule. Hakuna mutu ameniomba. Upana 6,20.

Edouard

*

Bunia, tarehe 17 Oktoba 2024

Yaya,

Ndiyo, inaweza kufunguliwa. Iliwekwa kwa hiyo.

Fuata namba nyuma: ya mwisho kufungwa ni ya kwanza kufunguliwa. Kila chumba kina paa yake na kinasimama peke yake, kwa hiyo unaweza kutoa moja na kuacha ingine. Paa mbele, kiisha kuta ndefu, kiisha fupi, sakafu mwisho. Usipige nyundo hata mara moja. Alliance aliacha funguo mbili za bulo kwa Honorine. Bulo za kila ukuta uzitie mu mufuko wake na namba. Watu nane wanatosha kubeba pano moja, kipande kizima cha ukuta, kwenye mulima.

Tutajaribu kumutuma Alliance, lakini unasikia vile njia iko.

Uwe muangalifu mu maji, masikio yako hayatakuambia kitu.

Joyeuse

*

Kasenyi, tarehe 29 Novemba 2024

Mudogo wangu Joyeuse,

Nakusalimia, weye na Davy. Barua hii ni ndefu, ukae vizuri uisome.

Jumatatu ya wiki jana maji ilifika pa ngazi ya materniti. Njia ya Bunia ilikuwa imefungwa tena, na Alliance hakuweza kushuka. Honorine alikuja kunitafuta mbio, akasimama mbele ya uso wangu ili nimuone midomo. «Edouard, ni weye uliona vile walifunga.»

Nilikusanya vijana ishirini, wabeba samaki na wapiga matofali wangu wa zamani. Jumanne asubuhi, jua likitoka, tulianza. Chumba cha kwanza, cha kupokelea wagonjwa, kilimupa kila mutu mafundisho. Tulikitoa kwa muda wa masaa mawili nzima. Cha pili, cha wamama waliokwisha kuzaa, tulikitoa nusu ya ile wakati. Wamama wenyewe walikuwa wamepanda mbele na watoto wao. Pano zilikuwa zinapanda mulima juu ya vichwa, namba nyeupe zikionekana mbali, na watoto wa shule wakihesabu kwa sauti.

Tukafika chumba cha tatu. Honorine akatoka, akafunga mulango nyuma yake. Ndani kulikuwa Adeline, binti wa muuza chumvi, na uchungu ulimushika tangu asubuhi. Hakuweza kubebwa. Mutoto alikuwa njiani.

Joyeuse, chumba kilibaki peke yake katikati ya maji. Vingine viwili vimeenda, chenyewe kinasimama pa nguzo zake nane kama sanduku. Maji ilikuwa pa magoti yetu. Sakafu ilikuwa kavu bado, nilipima: sentimetre kumi na saba zilibaki. Kijana mumoja alisema tufungue angalau paa, tutangulie. Nilimwambia: «Hakuna mutu anagusa bulo hata moja.» Tukasimama ndani ya maji, watu ishirini, mikono chini. Wengine walianza kusali. Miye nilikuwa naangalia nguzo na kuhesabu. Kumi na sita. Kumi na ine.

Nyumba ya matofali haiwezi kufunguliwa, inangoja tu maji ije pa mulango. Na kama materniti ingekuwa ya matofali, tungetoa wamama, tungepanda mulimani, tungeangalia ikianguka, na tungeanza kupiga tofali upya wakati mvua imesha. Nilifikiri hivyo nikisimama pale. Sijawahi kufikiri hivyo.

Sikusikia mutoto akilia, unajua masikio yangu. Niliona tu vijana wote wakainua vichwa mara moja na kucheka. Njo nikajua. Ni musichana.

Adeline alibebwa juu ya kiti, mutoto kifuani mwa Honorine. Wakati walipita pa kilima, nilichukua ufunguo wa bulo. Chumba cha tatu tulikitoa kwa muda wa saa moja na robo. Kesho yake jioni vyote vitatu vilikuwa vimesimama pa parokia, na hakuna nguzo hata moja ilihitaji kuguswa. Bulo tisa zilipotea mu maji. Tutumie.

Sasa neno ingine. Uliniuliza mara tatu juu ya nyumba yangu na sikujibu. Iko ndani ya maji tangu Desemba ya mwaka jana. Miezi miwili mbele ya barua yako ya kwanza. Niliijenga miaka miwili, ziwa iliinywa wiki mbili. Nilitoa mulango na madirisha, basi. Nilikaa pa kilima nikaona ukuta wa sebule ukilala polepole, sawa mutu amechoka. Tangu pale tunakaa chini ya bashi pa kiwanja cha parokia. Sikutaka masoni aandikie dada yake wa atelier kwamba nyumba yake imeanguka. Ungetuma mbao, na miye sikutaka mbao.

Sasa nataka. Vyumba viwili na jiko. Nguzo nitafanya mwenyewe, na vipimo tutasoma watu wawili, miye na Godelive, kama patron wako alivyosema.

Tumegombana kitu moja tu. Dirisha kubwa, miye nataka liangalie mulima. Nimechoka na lile ziwa, sitaki kuliona nikikunywa chai. Godelive anataka liangalie ziwa. Anasema analiuzia samaki miaka thelathini, na kama linakuja, yeye anataka kuliona likija. Amekataa kabisa kunyamaza. Uamue weye.

Kaka yako,
Edouard

*

Bunia, tarehe 16 Desemba 2024

Yaya wangu mupenzi,

Salamu kwako, kwa semeki, kwa Honorine, na kwa ule musichana wa Adeline. Niliisoma barua yako kwa sauti mu atelier, mashini zote zimezimwa. Fundi wetu muzee wa chuma alitoka inje, akasema ni moshi. Hakukuwa na moshi.

Juu ya nyumba yako: nilijua tangu Juni. Alliance aliona bashi yenu, na Godelive alimuomba anyamaze. Alininyamazia siku mbili tu. Nilingoja uniambie weye mwenyewe. Kila barua nilikuwa naandika na jino limeuma ulimi.

Nyumba yenu imekwisha. Patron hakutaka kuniona nikifanya kazi ingine. Kila mutu wa hapa alifanya kipande kimoja na akaandika jina lake nyuma, upande hautaonekana. Vipimo vyako vilifika na sahihi mbili, ya Godelive ni kubwa kuliko yako. Bulo tisa za materniti ziko ndani ya mufuko, na kumi zaidi. Njia ikibaki wazi, tutashuka Jumanne, Alliance, vijana watatu, na miye. Ndiyo, na miye. Kazi yangu ni ya hapa, lakini hii ningependa kuifunga na mikono yangu.

Na dirisha. Yaya, musigombane tena. Pano ya dirisha na pano ya ukuta tumezikata kipimo kimoja. Mwaka huu tutaliweka upande wa ziwa, sababu semeki amengoja chini ya bashi mwaka muzima na ana haki ya kuanza. Siku hasira yako na ziwa itamushinda, muite vijana wawili, mufungue bulo kumi na mbili, mubadilishe. Ni kazi ya nusu saa. Na kama kesho yake yeye amekasirika, mutarudisha.

Joyeuse